Jinsi Kura ya Bi Ardis Ilivyopita Kwenye Kijilango cha Maziwa

Enyi mlio nyumbani,
barakoa videvuni,
sogeeni dirishani,
niwasimulie vita.

Tulieni, enyi mlionawa mikono mpaka ikachubuka, nanyi mliopanga foleni ya karatasi za chooni kana kwamba ni foleni ya kuingia peponi! Wengine wameimba wafalme waliovuka majangwa na majemadari walioteketeza miji, wakatuzwa majoho ya hariri. Mimi simwimbi mfalme. Mimi naimba bahasha. Naimba bahasha nyeupe iliyolala majuma mawili chini ya kibakuli cha siagi, na mwanamke aliyeitoa nje ya nyumba ambayo yeye mwenyewe hakuweza kutoka, kwa mkono wa adui asiyetaka hata kumwona, siku ile jimbo zima la Wisconsin lilipopiga kura huku likiogopa kupumua. Anayeona jambo hili ni dogo, na aende kesho akamwombe sahihi jirani aliyemnunia miaka kumi na ushei, kisha arudi tuzungumze.

Jina lake Ardis Klumb. Binti wa wakamuaji, mjane wa Harlan mpiga kodiani, Mlinzi wa Mlango Usiofunguliwa, mwanamke aliyewahi kumfukuza dubu barazani kwa ndoo ya chakula cha ndege, na dubu akaondoka akiona haya. Katika Barabara ya Tamarack, nje kidogo ya mji wa Holtzen, ambako nyumba ni tatu na ubishi ni wa nyumba mia, hapakuwa na moyo mkubwa kuliko wake. Lakini mapafu, loo, mapafu yalimsaliti. Yalipiga mluzi akipanda ngazi, yakapiga mluzi akishuka. Korona ilipoingia jimboni, daktari alimwambia kwa simu, "Bi Klumb, asipumue mtu mlangoni pako," na binti yake aliyeko Arizona akairudia amri hiyo kila alfajiri kama muadhini. Basi shujaa wetu akapiga komeo, akaishi kwa supu ya mkebe na hasira.

Na hasira yake ilikuwa hii. Tangu alipotimiza umri, Bi Ardis hakuwahi kukosa uchaguzi. Alipiga kura akiwa na mimba ya miezi tisa. Alipiga kura mguu ukiwa ndani ya plasta. Alipiga kura ya kumchagua msimamizi wa mitaro mwaka ambao mgombea alikuwa mmoja tu, na nusura ashindwe. Sasa kidudu kisichoonekana kwa macho kilitaka kumvunjia rekodi, tena kwa uchaguzi ambao alikuwa na jambo nao binafsi.

Maana karatasi ya mwaka ule ilibeba jaji wa mahakama kuu ya jimbo, na chini yake ikabeba swali la kurekebisha katiba: je, watu waliotendewa uhalifu waongezewe haki, na haki hizo zilindwe kwa nguvu sawa na za mshtakiwa? Swali lenyewe lilikuwa refu, limejaa vituo, mtu akifika mwisho wake amesahau kama yeye ndiye mwizi au ndiye aliyeibiwa. Bi Ardis hakusahau. Zamani mwizi aliingia kwake akaondoka na kodiani ya Harlan. Mwizi akakamatwa, akahukumiwa, akafungwa, akaachiwa, na katika safari yote hiyo hakuna kiumbe aliyemwambia Bi Ardis neno. Alikuja kujua Ijumaa moja kwenye baa, akila samaki wa kukaanga, pale mwizi mwenyewe alipomgusa bega na kumwomba amsogezee chumvi. Kodiani haikurudi. Harlan alikaa na vidole vikipapasa hewa mpaka alipokufa. Ndiyo maana Bi Ardis alikuwa na "Ndiyo" moja moyoni iliyokuwa ikichemka kama birika, na alitaka ihesabiwe. Hakutaka ipongezwe. Alitaka ihesabiwe tu.

Kikwazo, enyi wasikilizaji, kilikuwa shahidi. Sheria ya kura ya posta ilisema raia mtu mzima amtazame mpiga kura akiijaza, kisha atie sahihi juu ya bahasha. Bila shahidi, kura ni karatasi ya kuwashia moto. Mimi na mama yangu, wapangaji wake wa ghorofani, tungetia sahihi kwa mikono miwili na mguu mmoja, lakini uraia wetu ulikuwa bado njiani, umekwama katika ofisi iliyofungwa. Nyumba ya pili ni ya watu wa Illinois, ambao huja kiangazi pamoja na mbu na kuondoka pamoja nao. Ikabaki nyumba ya tatu, ng'ambo ya barabara. Na ndani ya nyumba ya tatu alikaa Elroy Stuebs.

Moyo wangu, jikaze, tumtaje! Elroy Stuebs, fundi mstaafu wa mashine za kukamulia, Mtu wa Kauli Moja, Mchoma Soseji Ndani ya Theluji, bingwa wa Kichwa cha Kondoo katika wilaya tatu. Kichwa cha Kondoo ni mchezo wa karata waliokuja nao mababu zao kutoka Ujerumani, na humo malkia ni wakubwa kuliko wafalme, jambo linalotosha kumwonya mgeni kwamba asikae. Sheria yake ya heshima ni moja. Mwenye turufu kubwa huchukua karata zilizolala mezani na kupigana na wengine. Anayezishika turufu, kisha akasema "napita" na kujificha nyuma yake, huyo huitwa maua. Msidhani ni maua ya bustani. Ni neno la Kijerumani lenye ukuta ndani yake: mtu aliyejenga ukuta kwa malkia zake, akachutama nyuma. Katika nchi ile mwite mtu mlevi, mwite mwizi, mwite hata mtu wa Illinois, Krismasi mtasameheana. Mwite maua, mtazikwa makaburi mawili.

Na Elroy alimwita Ardis maua. Ilikuwa kwenye mashindano ya Pasaka, katika chumba cha chini cha kanisa, zawadi ikiwa hemu nzima, paja la nguruwe la kukausha, iliyofungwa utepe. Ardis alisema "napita". Harlan, aliyekaa kushoto kwake, akachukua, na karata zikamwangukia Elroy kuwa mwenziwe. Wakapigana na wachezaji watatu waliobaki, na mbele ya macho ya Elroy, kutoka mkono wa Ardis aliyesema hana kitu, wakashuka mmoja mmoja: malkia wa pao, malkia wa shupaza, malkia wa kopa. Hemu ikaenda. Elroy akainuka, kiti kikaanguka, akalitamka lile neno mbele ya mchungaji. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili zilitazamana kwa madirisha lakini si kwa macho.

Basi ikafika siku yenyewe, Jumanne ya Aprili. Jana yake mchana gavana alisema uchaguzi usiwepo. Jioni majaji wakasema upo. Watu wakalala bila kujua kama asubuhi waamkie kura au wageukie upande wa pili. Bi Ardis aliamkia kura. Bahasha ilipaswa kugongwa muhuri wa posta siku hiyohiyo, na Darlene, mpeleka barua, hupita adhuhuri. Shujaa akanywa kahawa. Akamtazama Elroy kupitia dirisha la jikoni, akichoma soseji barazani kwake na theluji ya mwisho ya mwaka ikimtua begani. Akameza kiburi chake, na mama yangu anaapa kwamba kule juu tulikisikia kikishuka. Kisha akashika kengele ya ng'ombe, akainua dirisha upana wa vidole viwili, akaipiga kama mtu anayeita majeshi.

"Elroy! Wee Elroy Stuebs!"

Elroy akageuka, koleo mkononi, skafu ya kijani na njano imemfunika pua. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Nataka shahidi!"

"Wa nini? Umeua?"

"Wa kura, mzee, wa kura! Sogea hapa, siwezi kupiga kelele, mapafu haya!"

Akavuka barabara taratibu, kama mfalme anayekwenda kupokea ushuru, koleo bado mkononi. Akasimama kwenye theluji chini ya dirisha, mbali vya kutosha kwa ajili ya homa na karibu vya kutosha kwa ajili ya matusi. Bi Ardis akabamiza dirisha likafungika, wakaanza kusemezana kwa kupitia kioo. Elroy akavuta pumzi na kutoa hotuba aliyokuwa ameiandaa, nadhani, tangu hemu ilipokwenda.

"Ardis Klumb! Miaka yote hii umenipita dukani kwenye jibini. Umenipita kanisani. Umepita mbele ya nyumba yangu ukitazama miti kama vile wewe ni mkaguzi wa misitu. Leo homa imekubana kooni ndiyo unakumbuka Elroy ana mkono wa kuandikia? Haya. Nitatia sahihi. Lakini kwanza sema, kwa sauti, hao wapangaji wako juu wasikie: 'Mimi Ardis nilikuwa na malkia watatu nikapita. Mimi ni maua.' Sema hivyo tu, naweka koleo chini nashika kalamu."

"Sisemi."

"Basi sitii."

"Usitie!"

"Sitii!"

Na akageuka zake, maana soseji zilikuwa zinaungua. Aaa, mlioishi siku zile mnajua kimya kilichofuata! Saa ya ukutani jikoni, yenye picha ya ng'ombe, ilisogea bila huruma. Kule Milwaukee, jiji kubwa la jimbo, watu walisimama kwenye foleni zilizozunguka mitaa, wamevaa mifuko ya plastiki na miwani ya kuogelea. Hapa kwetu hapakuwa na foleni. Palikuwa na mwanamke mmoja, na neno moja asilotaka kulitamka, na kura iliyokuwa inakufa mezani bila jeraha.

Akainua dirisha tena.

"Elroy! Umewahi kunisikia nikikana?"

Elroy akaja akasimama katikati ya barabara.

"Nilikuwa nao. Wote watatu. Umeniita maua mbele ya mchungaji, lakini hujaniuliza hata siku moja kwa nini nilipita."

"Haya, kwa nini ulipita?"

"Harlan hakuwa amechukua karata majira yote ya baridi. Mikono ilikuwa inamtetemeka, anaogopa watu wamwone. Usiku ule alikaa kushoto kwangu, nikamwona anazitamani zile karata mbili za mezani kama mtoto na keki. Ningechukua mimi, asingechukua tena maisha yake. Nikapita. Akachukua."

Theluji ikamtua kwenye nyusi.

"Na akashindwa!" akasema hatimaye.

"Akashindwa, ndiyo! Alikuwa mchezaji mbovu tangu siku ya harusi!"

"Lakini ni wewe uliyempiga! Umemwachia mumeo achukue, halafu ukamtandika kwa malkia watatu!"

"Nilimwachia achukue, Elroy. Sikusema nitamwachia ashinde."

Mtu wa Kauli Moja akajikuna chini ya skafu kwa ncha ya koleo. "Hiyo basi siyo maua," akasema polepole. "Hiyo ni... hata sijui inaitwaje."

"Inaitwa ndoa."

Elroy, aliyeoa na kuzika, akaitikia kwa kichwa. Akarudi dirishani. Lakini msimdhanie kwamba alilainika, maana mtu wa Holtzen halainiki kabla ya Mei.

"Lile swali refu mimi nasema Hapana," akanguruma. "Ujue kabisa. Kitu kinachohitaji pumzi mbili kukisoma, nakikataa. Na wewe najua utasema Ndiyo, kwa ajili ya ile kodiani. Kwa hiyo unaniomba nishuhudie kura inayokwenda kuiua yangu."

"Na yako itaiua yangu. Tutakuwa tumeuana kama watu wenye adabu. Simama hapo kwenye mwanga."

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza.

Kalamu ndio upanga,
miwani ameifunga,
na theluji inatanga,
nani atamkamata?

Bi Ardis alifunga dirisha, akaisoma kanuni kwa sauti ya hakimu. Akaibandika karatasi kwenye kioo, mbele na nyuma, Elroy aone kwamba ni tupu. Elroy akaikagua kwa muda mrefu, akitafuta malkia. Kisha Bi Ardis akaketi, akasimamisha boksi la mkate mtamu wa lozi mbele yake kama boma, akainama nyuma yake na kalamu. Elroy akasogea kiooni. Pumzi yake ikatanda ukungu.

"Sioni!"

"Hutakiwi kuona!"

"Shahidi gani haoni? Umesema nitazame!"

"Unatazama kwamba naandika! Hutazami ninachoandika! Imeandikwa hapa!"

"Kwa hiyo sheria inakutaka ufiche, na mimi niape kwamba umeficha?"

"Hasa."

Elroy akacheka, kicheko kilichowatoa kunguru kwenye mti wa watu wa Illinois. "Kumbe ile Pasaka ulikuwa unafanya mazoezi ya kupiga kura!"

"Funga mdomo, Elroy, nisije nikaziba kwa wino duara la mgombea mwingine!"

Na nyuma ya boksi lile, mbele ya yule yule aliyemhukumu kwa kuficha mkono, Ardis Klumb aliuficha mkono wake kwa haki na kwa sheria. Aliziba duara la jaji. Aliziba duara la swali. Aliukandamiza wino ule kwa nguvu kiasi kwamba "Ndiyo" yake iliacha alama kwenye kitambaa cha meza, na mpaka leo haitoki. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akailamba gundi, akakunja uso, akatia sahihi yake.

Ikabaki sahihi ya Elroy. Lakini bahasha itampataje? Mlango haufunguliwi, daktari amesema. Dirishani pumzi ingeingia pamoja na mkono. Hapo shujaa akageukia ukuta, na tazameni, pembeni mwa mlango wa jiko palikuwa na kijilango cha maziwa: tundu ukutani lenye kilango cha ndani na kilango cha nje, ambamo zamani muuza maziwa aliacha chupa bila kumwamsha mtu. Muuza maziwa alikufa, chupa zikafa, na kijilango kikapakwa rangi juu ya rangi mpaka chenyewe kikasahau kwamba ni mlango.

Bi Ardis akakishambulia kwa kisu cha siagi. Kisu kikapinda. Akakishambulia kwa kisu cha nyama. Rangi ya kijani ikaruka, chini yake ya njano, chini yake ya buluu, tawala zote za Harlan zikianguka moja baada ya nyingine. Upande wa nje Elroy alipigana na kilango chake kwa koleo la soseji, akihema, akikilaani kwa Kijerumani alichorithi, ambacho chote ni matusi na majina ya vyakula.

"Vuta!"

"Navuta! Wewe sukuma!"

"Nikisukuma unavuta nini, mzee? Kila mmoja na chake!"

Nasi kule juu tuliisikia nyumba ikiguna. Kisha pakatoka mlio kama mfupa wa zama za kale ukivunjika, na kijilango kikafunguka, pande zote mbili, na upepo wa Aprili ukapita katika nyumba ya Klumb kwa mara ya kwanza tangu mwezi Machi. Bi Ardis akafunga cha ndani upesi. Ndani ya tundu alikuwa ameweka bahasha, na kalamu iliyofungwa kwenye leso.

Elroy akanusa. "Kalamu inanuka brandi!"

"Vitakasa mikono vimekwisha dukani!"

"Umeosha kalamu kwa brandi safi?"

"Ya bei rahisi! Tia sahihi!"

Akatia. Akairudisha tunduni, akaligonga kwa koleo, akaanza kuvuka barabara kwa maringo ya mtu aliyemaliza kuokoa taifa. Bi Ardis akafungua upande wake, akaiinua bahasha kwenye mwanga, akasogeza miwani puani. Sahihi ipo, kubwa kama jina la duka. Na pale palipoandikwa anwani ya shahidi, ambapo bila anwani kamili kura yote hutupwa, Elroy Stuebs alikuwa ameandika kwa herufi safi za fundi: *Ng'ambo ya barabara.*

Kengele ya ng'ombe ililia kama mji unaungua.

"Elroy! Anwani! Umeandika nini hapa?"

"Nimeandika ninapokaa!"

"Ng'ambo ya barabara ipi? Kila mtu anakaa ng'ambo ya barabara!"

"Kila mtu anajua ninapokaa! Yule karani wa mji amekula kwangu!"

"Hawatamuuliza karani alikula wapi! Wataitupa! Andika namba ya nyumba, mtu wewe, na jina la barabara, na mji!"

Elroy akasimama, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu kwenye uso ule. "Namba yangu ni ngapi?" akauliza.

Maana Holtzen hakuna anayeijua namba yake. Barua hufika kwa jina, wageni huelekezwa kwa ghala lililoungua, na gari la wagonjwa huambiwa ligeuke pale kwa Stuebs. Elroy akakimbilia nyumba yake mwenyewe kuiuliza. Akafukua theluji kwenye nguzo, akafuta barafu kwa kiwiko, akazisoma tarakimu kwa sauti kubwa asije akazisahau njiani, akirudi mbio, akizirudiarudia kama mtoto aliyetumwa dukani. Na wakati huohuo, kule kwenye kona ya Tamarack, kikatokea kigari cha Darlene chenye taa ya njano juu.

"Anakuja!" alifoka mama yangu kutoka dirisha la juu, kwa Kiswahili, na wote wawili wakamwelewa.

Bahasha ikaingia tunduni, ikatoka tunduni. Elroy akaandika akiwa amepiga goti, bahasha juu ya paja, akipumua ndani ya skafu. Namba. Barabara. Mji. Jimbo. Akaionyesha kwenye kioo. Bi Ardis akaikagua mstari kwa mstari, wala hakuharakishwa na kigari wala na malaika.

"Sasa peleka!"

Mjane hatoki, sanduku la barua liko ukingoni mwa barabara, mwenye miguu ni adui. Basi Elroy Stuebs, mpiga Hapana, akaibeba Ndiyo ya Ardis Klumb juu ya theluji. Aliteleza mara moja. Akaanguka kifudifudi kama mti, mkono wake wenye bahasha umeinuliwa juu, mkavu, kama mtu anayevuka mto na mtoto mchanga. Akainuka na theluji masharubuni. Akaitia bahasha sandukuni, na akakiinua kile kijibendera chekundu cha bati kinachomwambia mpeleka barua kwamba hapa pana kitu. Naapa sijawahi kuona bendera ikipandishwa kwa heshima ile, na mimi nimetoka nchi inayopandisha bendera kila wiki.

Darlene akasimama, akavuta bahasha kwa glovu, akaitazama. "Kura?"

"Kura," akasema Elroy, akihema.

"Yako?"

"Yake. Mimi yangu nakwenda kuipiga sasa hivi niiue hii."

"Mbona inanuka siagi na brandi?"

"Ndivyo anavyonuka mwenyewe. Nenda, mama, muhuri wa leo!"

Na Elroy, mtu wa neno lake, aliingia ndani, akabadili suruali iliyolowa, akaendesha gari mpaka ukumbi wa mji, akapiga Hapana yake. Alipopita akirudi alipiga honi. Bi Ardis akampungia kijiko.

Hesabu zilizuiliwa hadi Jumatatu iliyofuata. Kisha zikatangazwa: katika jimbo zima "Ndiyo" ilikuwa imeshinda kwa mbali, karibu watu watatu katika kila wanne. Na Bi Ardis alipopiga simu kwa karani wa mji, akaambiwa kwamba bahasha yake ilifika, ilikuwa na muhuri wa tarehe inayotakiwa, ilikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa na anwani. Alimfanya karani alirudie hilo la mwisho mara mbili.

Jioni hiyo Elroy alivuka barabara, akasimama kwenye tope lililokuwa theluji, akagonga kioo.

"Umeona?" akasema. "Kura zaidi ya milioni. Tumehangaika bure. Ingepita hata bila wewe!"

Bi Ardis akakaribia dirisha mpaka mluzi wa mapafu yake ukaacha duara la ukungu kwenye kioo.

"Lakini haikupita bila mimi," akasema.

Elroy akavua kofia.

Basi waandishi wa mambo makubwa na waandike wanavyotaka. Waandike amri za gavana na hukumu za majaji, waandike foleni za Milwaukee na maiti wa ile homa, maana hayo nayo ni kweli. Lakini wasije Barabara ya Tamarack kutuambia kwamba mwaka ule binadamu alishindwa. Tulikuwa dirishani. Tuliona.

Wajapo wana wa wana,
wakiuliza kwa jina
nani kashinda korona,
Ardis ndiye kapita.